Ritongo la Mwalimu Chanzo

Dukani kwangu Nkende utapata kila kitu cha shule: daftari, rula, mkebe wa hesabu, soksi nyeupe, hata fagio la chelewa ambalo shule zetu hulidai kila Januari utadhani watoto wanaenda kufagia na si kusoma. Kalamu nyekundu sina. Walimu wa jirani wanajua, na wameacha kuuliza. Wiki iliyopita alikuja mmoja mgeni, kijana aliyeripoti juzi tu, akashika ya bluu akaigeuzageuza, akasema, "Mama, nyekundu je?" Nikamwambia hapa haziuzwi, ajaribu maduka ya stendi. Akacheka akidhani namtania. Sikuwa namtania. Wino mwekundu una harufu yake. Anayebisha hajawahi kuinamisha uso kwenye ukurasa wake uliochapwa mistari myekundu juu mpaka chini. Harufu ile ikinifikia, naiona tena sura ya mtu niliyemchukia nikiwa msichana wa kidato cha pili, na ninayemchukia mpaka leo bila kupunguza hata chembe.

Tulimwita Mwalimu Chanzo. Jina lake la kweli halina kazi hapa. Alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukoba, akiwa ametoka chuoni moja kwa moja, na viatu vyake viling'aa hata siku za matope, jambo ambalo kwetu Tarime humtia mtu mashaka. Alitufundisha historia. Ukimwambia watu fulani walipigana na Wajerumani, anauliza, "Chanzo?" Ukimwambia mvua imenyesha, anauliza, "Chanzo?" Kuna siku mwenzetu alidondoka kutoka kwenye dawati kwa njaa, na naapa mwalimu aliuliza chanzo kabla ya kumwinua.

Yeye ndiye aliyetuletea daftari la uchambuzi. Kila mmoja alitakiwa kuwa na daftari la pembeni, si lile la kunakili ubaoni, na kila Ijumaa aje na ukurasa mmoja wenye vichwa vitano: Tukio, Chanzo, Ushahidi, Matokeo, Hukumu Yako. Kitabu cha historia kilikuwa cha Kiingereza, lakini daftari hilo aliruhusu Kiswahili, kwa sababu alisema mtu hawezi kufikiri vizuri kwa lugha ya kuazima. Kwa hilo nampa haki yake. Na kama ni ukweli nauandika, basi niuandike wote: mwanzoni nililipenda lile daftari kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho. Niliandika kwa nini watu wa Itiryo waling'oa mibuni yao. Niliandika kwa nini mafundi waliokuwa wakitengeneza majembe sokoni sasa walikuwa wanatengeneza sururu na nyundo za kupasulia mawe. Yeye aliandika pembeni kwa wino wake mwekundu, "Nani kasema?" nami nikaenda kuuliza watu, nikarudi na majina. Sikuwahi kujua kwamba maisha yetu, yale ya vumbi na ukungu wa asubuhi na ugali wa ulezi, yanaweza kuwekewa vichwa vya habari yakawa historia.

Ubaya ulikuja kwenye kusahihisha. Mwalimu Chanzo alisema kusahihisha peke yake si haki, kwamba mwanafunzi anatakiwa ahukumiwe na wenzake. Sasa, alikuwa amesikia habari za ritongo. Ritongo, kwa asiyejua, ni mkutano wa ukoo wetu sisi Wakurya wa kukata mashauri: watu wanakaa, mwenye shauri anasimama, wanaojua wanasema, kisha wakubwa wanatoa neno na neno hilo linaheshimiwa. Mgeni wa watu alifurahi na habari hiyo kama mtoto aliyeokota filimbi. Ijumaa moja akatuamuru tupange madawati kwa duara. Mwanafunzi atasoma uchambuzi wake, wengine wataushambulia, yeye atautetea, kisha duara litakubaliana alama kati ya sifuri na kumi, naye mwalimu ataiandika kwa kalamu nyekundu. Alama hizo zingeingia kwenye matokeo ya muhula. Halafu, huku ameweka mkono kifuani kama anayetupa zawadi, akaongeza: "Na kwa kuwa ritongoni wanawake hawasemi, kila msichana atasoma kisha akae, na ndugu yake wa kiume atamsemea. Mimi naheshimu mila zenu."

Wasichana tulikuwa wachache, tulitosha madawati mawili ya mbele. Tuliangaliana. Hakuna aliyepinga. Tungepingaje, na kusema ndiko kulikokuwa kumekatazwa?

Niseme pia kwamba nilimwamini. Sikuwahi kuona ritongo kwa macho yangu. Nilichojua ni kwamba baba alichukua fimbo yake akaenda, na mama akabaki nyumbani. Mwalimu akisema mila ndivyo ilivyo, basi ndivyo ilivyo. Mtoto anadhani mtu mwenye chaki mkononi ameshauliza kila mtu.

Mimi nilikuwa na Mwita. Mwita alikuwa mtoto wa baba mkubwa, tulisoma darasa moja, na mdomo wake ulikuwa na moto. Alikuwa hasomi hata ukurasa, lakini nilikuwa namkalisha chini Alhamisi jioni namlisha hoja moja moja, na Ijumaa anasimama mbele ya duara kama mzee mwenye ng'ombe mia.

"Huyu dada yangu amesema mibuni iling'olewa kwa sababu bei ilianguka," anasema. "Nani hapa baba yake hajang'oa? Asimame."

Hakuna anayesimama. Nane. Wiki nyingine tisa. Mimi nimekaa, mikono mapajani, naangalia alama zangu zinavyotafutwa na mdomo wa mtu mwingine. Ilinikera, lakini nilikuwa nazihitaji kuliko nilivyokereka.

Nilizihitaji kwa sababu ya baba. Baba alikuwa na fungu lake katika duara, yaani shimo la dhahabu ambalo watu kadhaa wanachimba kwa ubia, na tangu duara lile lianze kutoa mawe yenye kitu, alikuwa anaiona shule kama ugonjwa. "Watu wenye vyeti wanakuja pale kuniomba kazi ya kubeba viroba vya mawe," alimwambia mama. "Sasa huyu Bhoke cheti anakitafutia nini?" Mama alilia, akabembeleza, mwishoni baba akatoa neno lake: nikishika namba za mbele nitaendelea kusoma, nikiteleza nitakwenda mwaloni. Mwalo ni pale wanapooshea mawe yaliyosagwa. Wanawake wameinama mchana kutwa, wanamwaga maji ya tope juu ya mbao iliyotandikwa gunia, wanakamata kile chembe cha dhahabu kwa zebaki na vidole vitupu. Nilikuwa nimewaona. Kucha zao zilikuwa kama za watu waliozikwa. Hisabati nilikuwa nakokota miguu, Kiingereza hivyohivyo. Kilichonishikilia juu kilikuwa historia.

Kisha ikaja rashi, zile mbio za kukimbilia dhahabu mpya. Habari zilifika Jumapili kwamba upande wa mtoni wamepata mawe ambayo ukiyageuza kwenye jua yanakukonyeza, na Jumatatu darasa letu lilikuwa na mapengo. Wavulana waliondoka na sare mwilini. Wengine walirudi baada ya wiki kututembelea tu, wamevaa buti za mpira, wamebeba redio kubwa kutoka upande wa Sirari, wanazungumza na walimu kwa kuegemea mlango. Mwita alikuwa wa kwanza kuondoka. Hakuniaga.

Nilijua ameondoka kwa sababu yangu. Ijumaa iliyotangulia alikuwa amesahau hoja yangu ya pili, tukapata sita, na nilimwita mjinga mbele ya wenzake pale bombani. Kwa wiki nzima nilibeba jambo hilo tumboni, nikiamini nimemfukuza kaka yangu shuleni kwa neno moja. Baadaye sana nilimuuliza. Alicheka mpaka akakohoa. Hakuwa anakumbuka hata kama niliwahi kumtukana. Alikuwa ametaka redio.

Ijumaa ya kwanza bila Mwita nilisoma uchambuzi wangu, nikakaa. Mwalimu Chanzo akatazama duara. "Nani atamsemea Bhoke?"

Chacha, aliyekuwa kiongozi wa darasa, kijana wa shingo nene na akili ya kutosha kuwatesa wengine, akasema taratibu, "Mwalimu, asiyekuwepo na lake halipo."

Darasa likacheka. Mwalimu Chanzo naye akacheka, nakumbuka meno yake. Wakaushambulia ukurasa wangu kama kuku waliomwagiwa mtama, na mimi mwenye majibu yote nimekaa na majibu yangu. Tatu.

Nilimfuata Chacha. Nilimwomba anisemee. Akaniangalia akasema, "Mkono mtupu haulambwi," akanipa mashati yake mawili nifue. Niliyafua. Ijumaa akasimama, akajikohoza, akasema, "Maandishi ya huyu binti ni mazuri sana, tatizo hayana kichwa," akakaa. Nne. Alinipa tena mashati, na safari hiyo nilimrudishia yakiwa makavu, yamekunjwa vizuri, sabuni yote ikiwa ndani sijaisuuza. Alijikuna kipindi kizima cha jiografia. Ndiyo furaha pekee niliyoipata muhula ule, na sijaijutia.

Basi nikaenda ofisini kwa Mwalimu Chanzo mwenyewe. Alikuwa anapiga kiwi vile viatu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Sema, Bhoke."

"Mwalimu, sina wa kunisemea. Kaka yangu ameenda kwenye dhahabu. Naomba nijisemee mwenyewe."

Hakuacha kupiga kiwi. "Unaona?" alisema. "Hapo hapo una tukio. Jiulize chanzo. Kwa nini familia yako imemruhusu kijana aache shule?"

"Mwalimu, nikishuka namba baba ananitoa."

"Hayo sasa ndiyo matokeo," alisema, akatabasamu kama nimejibu swali vizuri. "Mimi ni mgeni, Bhoke. Siwezi kuja hapa nikavunja mila za watu."

Nilitoka mle ofisini na hasira. Watu husema hasira ni hasara. Sikubaliani nao. Bila hasira ile ningekuwa nimelala.

Mapumziko ya katikati ya muhula nilipelekwa Itiryo kwa bibi, mama yake baba, kumsaidia kupeta ulezi. Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mkali, aliyevuta tumbaku yake bila kumwomba mtu radhi. Nilipeta nikiwa nimenuna mpaka akachoka.

"Wewe Bhoke, umekula nini kibaya?"

Nikamweleza yote, madawati ya duara, Mwita, mashati ya Chacha, alama tatu. Nilipofika pale kwenye wanawake hawasemi ritongoni, aliweka ungo chini.

"Nani kasema?"

"Mwalimu."

"Mwalimu wa wapi?"

"Wa Bukoba."

"Wa Bukoba!" Aliguna, akatema mate pembeni. "Na yeye aliambiwa na nani?"

Hilo nilikuwa nalijua, shule nzima ilikuwa inajua. Aliambiwa na mjumbe mmoja wa bodi ya shule, kilabuni, siku mjumbe huyo aliponunuliwa pombe. Bibi alipolisikia jina la mjumbe alicheka kwa dharau. "Huyo? Huyo ritongoni hukaa nyuma anasinzia. Sikiliza, mjukuu wangu. Kukaa pale na kuamua, hilo sisi hatukupewa, sitakudanganya. Lakini shauri likiwa lako, unaitwa, unasimama, unalisema kwa mdomo wako. Mimi nilisimama. Nilikuwa na mimba ya baba yako, tumbo hili hapa. Jirani alidai ndama wangu ni wake. Wakaniuliza, nikasema. Mama yake huyo ndama nilimzalisha mimi kwa mikono hii, babu yako yuko safarini. Sasa angesema nani? Fimbo?"

"Wakakupa?"

"Walinipa. Baba yako amenyweshwa maziwa ya ndama huyo."

Niliandika usiku uleule wa kurudi, sikungoja Alhamisi. Tukio: wasichana wa darasa letu wanapewa alama bila kusikilizwa. Chanzo: mwalimu aliambiwa mila kilabuni na mtu mmoja, hakumuuliza mwingine. Ushahidi: bibi mmoja wa Itiryo, ambaye alisimama ritongoni akamtetea ndama wake kwa mdomo wake mwenyewe. Matokeo: anayefikiri anakaa, anayepiga kelele anapewa nane. Hukumu yangu: hii si mila yetu, ni uvivu wa kuuliza. Niliusoma ule ukurasa mara nyingi nikitafuta pa kupunguza makali, sikupaona. Nilikuwa najua fika kinachoweza kunipata. Lakini tatu zingenitoa shuleni polepole, na nilikuwa nimechoka kutolewa polepole.

Ijumaa nikasimama katikati ya duara nikasoma. Nilipofika kwenye kilabu, kuna mtu alicheka akakatishwa na uso wa mwalimu. Nilipofika kwa bibi na ndama, karasha za kusagia mawe zilisikika huko mbali. Nilimaliza. Sikukaa.

Mwalimu Chanzo alisubiri nikae. Sikukaa. Akasema kwa sauti ndogo, "Nani atamsemea?"

"Mimi," nikasema.

Wasichana wenzangu walikuwa wameinamisha vichwa. Sikuwalaumu siku ile, na leo siwalaumu. Mwalimu alikuja akanichukulia daftari mkononi, akaligeuza kama anatafuta jina la mtu mwingine juu yake, akaenda mezani. Aliandika kwa muda mrefu kuliko alama inavyohitaji. Aliponirudishia, kulikuwa na sifuri kubwa, na chini yake: "Huu si uchambuzi. Huu ni utovu wa nidhamu." Hakugusa hoja hata moja. Yule mtu wa ushahidi, wa nani kasema, hakuuliza swali lolote. Alinipeleka kung'oa nyasi uwanjani mpaka jioni, na vidole vyangu vilinuka wino na majani.

Muhula ulipoisha nilikuwa nimeporomoka. Baba aliitazama ripoti akiwa amesimama, hakukasirika hata. Ningependa angekasirika. Alisema tu, "Basi," kama mtu aliyemaliza kuhesabu mbuzi zizini, na wiki iliyofuata nilikuwa mwaloni, nimeinama, gunia limetandikwa mbele yangu. Wavulana wa darasa letu walikuwa wanatuletea mawe yao yaliyosagwa tuwaoshee. Chacha naye alikuja. Alinikuta na mikono ndani ya tope, nikamtazama, akaweka kiroba chake chini akaondoka.

Niliosha miaka mingi. Kutokana na mwalo ule mdogo wangu Ghati alisoma, kwa sababu nilimwambia baba kwamba huyu hataguswa, na kufikia wakati huo nilikuwa naleta nyumbani vya kutosha baba akanisikiliza. Bibi alikuwa ameshafariki, Ghati akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Ghati alipofika kidato cha pili, shule ileile, Mwalimu Chanzo alikuwa bado yupo. Sikumwambia Ghati neno. Sikutaka aingie darasani na ugomvi wangu kichwani.

Jioni moja alirudi anakimbia, mimi nikiwa nje nanawa, akaniinulia daftari usoni. "Dada, nimepata tisa! Ya uchambuzi!"

"Nani kakusemea?"

Hakunielewa. "Kunisemea vipi? Kila mtu anajisemea. Sisi wasichana ndio tunaanza kabisa, ndiyo sheria ya mwalimu. Anasema hata ritongoni mwanamke husema shauri lake, na ushahidi upo. Kuna bibi mmoja wa Itiryo alimtetea ndama wake, babu hayupo, tumbo hilo mbele." Alicheka. "Mkali kama unavyosemaga bibi yetu alivyokuwa. Mwalimu anatusomea habari yake kila mwaka, kidato cha pili kikianza. Anasema ni uchambuzi bora kuliko wote aliowahi kupewa."

Maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye kopo, nikayaacha yamwagike. Kuhusu tumbo sikuwa nimeandika popote, kwa hiyo alikuwa ameenda Itiryo. Alikuwa amemtafuta bibi akamuuliza.

"Aliandika nani?" nikasema.

"Hakumtaja. Mwanafunzi wake wa zamani tu."

"Alisema alimpa ngapi?"

"Kumi," alisema Ghati. "Kumi kwa kumi, dada. Na anasema darasa zima lilisimama likampigia makofi."